Sauti Iliyotaka Kuitikiwa

Mchana ule wa Julai Geraldine alikuwa mezani kwa bibi yake, laptopu mbele yake, kipande cha mkate wa kukaanga mkononi. Nje ziwa lilikuwa limetulia. Shangazi yake, Rosella, alikuwa akiparua samaki kwenye sinki.

"Bado umo kwenye hiyo maktaba yako?" Rosella alimtania. "Msichana mzima, wenzako wanatafuta wachumba, wewe unatafuta wafu."

"Angalau wafu hawaniombi niwapikie, Shangazi."

Ilikuwa maktaba ya taifa, iliyofungua hazina zake mtandaoni ili yeyote azitazame bure: ramani kuukuu, picha za harusi za watu waliosahaulika, sauti zilizonaswa kwenye nta enzi za mababu. Geraldine alikuwa akizipekua tangu barafu ilipoyeyuka ziwani, na sababu yake ililala chumba cha pili. Bibi Philomene alikuwa anakwisha. Muuguzi alishawaambia kwamba hataiona theluji nyingine. Naye bibi alitaka kitu kimoja tu: kuisikia sauti ya baba yake, aliyefariki yeye akiwa mtoto. Mikono yake aliikumbuka, hata kikohozi chake. Sauti ndiyo iliyokuwa imemtoka, na kila alipoitafuta kichwani asiipate, alilia. Alichojua ni kwamba mgeni mmoja alipata kuja na mashine ya kunasa sauti, akamrekodi.

Mchana huo Geraldine akaipata. Jina la msimulizi halikuandikwa. Jina la ziwa lao liliandikwa, na chini yake: hadithi, mwanamume mmoja, Januari.

Rosella aliweka kisu chini. "Januari? Basi hiyo ni hadithi ya baridi. Funga."

"Shangazi..."

"Funga, nimesema. Theluji iko wapi? Wanaotajwa humo sasa hivi wako macho."

Geraldine alilijua katazo hilo tangu utotoni, kama kila mtoto wa Kiojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, pale kijijini: hadithi hizo husimuliwa theluji ikiwa chini tu, roho zinazotajwa zikiwa zimelala. Lakini alikuwa amewaza sana, akajipa jibu. "Hakuna anayesimulia, Shangazi. Alishasimulia zamani, tena wakati wa baridi. Hii ni kama picha tu."

"Picha haipumui."

Ndipo sauti nyembamba ikatoka chumbani. "Rosella, mwanangu. Usininyime baba yangu."

Rosella alinawa mikono, akaweka tumbaku kidogo dirishani kama sadaka kwa roho, akaenda kuketi kitandani kwa mama yake. Geraldine akaileta laptopu. Akabonyeza.

Mkwaruzo. Kisha mwanamume, akizungumza polepole, kwa Kiojibwe cha zamani ambacho Geraldine alikifahamu nusunusu.

Bibi Philomene alifumba macho. "Ni yeye," akanong'ona. Machozi yakamshuka mpaka masikioni.

Kwao, msimulizi hutua kidogo, na msikilizaji huitikia ili ijulikane kwamba hajalala. Asipoitikiwa hunyamaza. Mwanamume yule akatua.

"Naam," bibi akaitikia.

Sauti ikaendelea. Ikatua tena. "Naam." Kila mara bibi aliitikia kwa nguvu zaidi, na uso wake ukawa kama wa msichana. Geraldine alikuwa akitabasamu alipotupa jicho kwenye kioo cha laptopu.

Alama ya mwendo wa rekodi ilikuwa imefika mwisho wa mstari. Ilikuwa imesimama.

Sauti ilikuwa inaendelea.

Akabonyeza kuzima. Haikuzimika. Akaifunika laptopu. Mkwaruzo ulikuwa umetoweka sasa. Mwanamume alisikika yumo chumbani, kando ya kichwa cha bibi. Nje ndege walikuwa wamenyamaza. Jua lilikuwa limejaa dirishani, na pumzi ya Rosella ilionekana hewani, nyeupe.

Mwanamume akauliza kitu. Hiki Geraldine alikielewa.

"Uko na nani, binti yangu?"

"Shangazi, mzuie," Geraldine alitaka kusema. Hakuweza. Bibi alicheka kidogo, akajibu kwa furaha, kama mtoto anayetaja wageni. Alimtaja mjukuu wake kwa jina la Kiojibwe alilompa alipozaliwa, jina lisilotajwa ovyo.

Kisha kifua chake kikatulia.

Sauti ikaliita jina lile. Taratibu. Ikatua. Ikangoja.

Rosella alimrukia Geraldine, akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili, vikinuka samaki. "Usiitikie," akamnong'oneza. "Usiitikie, mwanangu." Wakakaa hivyo mpaka ndege mmoja akalia nje.

Walimzika Philomene, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Rosella alitaka kuiandikia maktaba waiondoe sauti ile. Geraldine alisita. Kwenye ukurasa maneno yalikuwa yamebadilika: mwanamume mmoja, na binti yake. Na kama bibi yumo humo, akiondolewa atakwenda wapi?

Theluji ilipofunika kijiji, wakaisikiliza pamoja kwa halali. Bibi alikuwemo, akiitikia, akicheka. Likaja swali. Likaja jibu lake. Kisha jina la Geraldine likaitwa, taratibu, na kimya kikafuata.

Ndani ya kimya hicho, humo humo kwenye rekodi, msichana akajibu kwa sauti safi, iliyo karibu kabisa.

"Naam."

Rosella alimgeukia. Geraldine alikuwa amekwisha kuitambua sauti yake mwenyewe.

"Shangazi," alisema, "siku ile ulikuwa umeniziba mdomo."