Doa Jekundu Juu ya Ghuba

Majirani zangu, sogeeni karibu niwasimulie yaliyomfika Pyo Gyu-tae, mwenyekiti wa kijiji chetu hapa pwani ya magharibi ya Korea.

Asubuhi moja ya vuli Gyu-tae alikuwa uani na mkewe, Geum-ok, wakianika pilipili. Jua lilikuwa la upole, mpunga umeiva, mikeka imejaa wekundu mtupu. Geum-ok alikuwa akiimba chini kwa chini. Ghafla wimbo ukakatika. Alishika kifua, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Alipookota pilipili moja na kuifuta, kidole chake kikawa cheusi.

"Baba Hae-won, hebu tazama. Masizi haya, na mikeka niliiosha jana!"

"Ni vumbi la ng'ambo tu," Gyu-tae akajibu bila kugeuka. "Upepo unatoka China. Ingia ndani, ufunge madirisha."

Kisha akaenda kwenye ofisi ya kijiji, akawasha kipaza sauti, akawatangazia watu wote hayo hayo.

Ndugu zangu, upepo hauna mdomo wa kujitetea. Ni kweli huleta vumbi la ng'ambo, hasa majira ya machipuko. Lakini nyuma ya kilima chetu kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha vyuma, na bomba lake lilitoa moshi mchana kutwa. Mbona mwenyekiti hakuuona? Kiwanda kilitujengea ukumbi. Kilimpa mwanawe, Hae-jun, kazi. Kila sikukuu kilimpelekea Gyu-tae sanduku la nyama ya ng'ombe lililofungwa kitambaa cha hariri. Mdomo uliojaa hausemi.

Sikukuu ya mavuno ilipofika, binti yake Hae-won alirudi nyumbani kutoka mjini, alikofanya kazi katika taasisi ya kupima hewa. Alimsikia mama yake akikohoa jikoni, akaifungua kompyuta yake mezani, katikati ya sahani.

"Baba, hii ni picha ya setilaiti yetu. Iko juu ya ikweta, inazunguka sambamba na dunia, kwa hiyo mchana haibandui jicho juu yetu. Kila saa inapiga picha ya hewa."

"Hewa inapigwa picha? Inatabasamu?"

"Cheka tu. Kila gesi hunyonya mwanga wa jua kwa namna yake. Setilaiti inausoma mwanga unaorudi juu, inajua ni gesi gani na ni nyingi kiasi gani. Sasa angalia. Nimechagua siku ambazo upepo ulivuma kutoka milimani kwenda baharini. Kama uchafu ni wa China, ulipita wapi?"

Gyu-tae aliangalia. Doa jekundu lilianzia nyuma ya kilima chao, likatanda juu ya ghuba kama ulimi.

"Na hii ni wiki ile kiwanda kilipofungwa kwa matengenezo."

Doa halikuwepo.

Gyu-tae alijua anachokiona. Lakini alinyoosha mkono akaifunga kompyuta.

"Kaka yako anafanya kazi pale. Unataka ale picha zako?"

Hae-jun aliinamia bakuli lake. Hae-won akaiondoa kompyuta mezani, maana baba ni baba.

Baridi ilipoanza, wanawake walikusanyika uani kwa Geum-ok kutia kabichi chumvi na pilipili kwa ajili ya kimchi ya mwaka mzima. Walikuwa wakitaniana na kucheka, mara Geum-ok akaanguka katikati ya kabichi, midomo imegeuka buluu.

Hospitalini daktari alimwita Gyu-tae kando. "Mama huyu anavuta sigara?"

"Hata siku moja."

"Mapafu yake ni kama ya mvutaji wa miaka mingi. Mnaishi karibu na nini?"

Swali hilo lilimchoma kuliko kisu. Gyu-tae alikaa kwenye benchi la ukumbini, uso mikononi, akalia kama mtoto. Alipotulia akampigia binti yake simu. "Ile picha yako. Njoo nayo kwenye mkutano wa kijiji."

Mkutano huo ulikuwa umeitishwa na kiwanda. Kilitaka kujenga tanuru la pili, na bila muhuri wa mwenyekiti kisingepata kibali. Bwana Ma, meneja wa kiwanda, alisimama mbele akiwa na tabasamu lake. "Vipimo vyetu ni safi, wazee wangu. Upepo unatoka wapi, wenyewe mnajua."

"Gonga muhuri basi, Mwenyekiti!" akapiga kelele Bibi Mal-sun, jirani yake. "Nyama ya sikukuu isije ikapungua!"

Watu wakacheka. Gyu-tae alisimama, akautia muhuri mfukoni.

"Leo sigongi. Nyama nimekula mimi, moshi amekula mke wangu. Nisameheni. Hae-won, waonyeshe."

Doa jekundu likajaa ukutani.

"Chombo kiko huko mbinguni!" Bwana Ma akadakia. "Kitajuaje ya bomba moja?"

"Peke yake hakiwezi," akakiri Hae-won. "Kinatuonyesha mlango wa kubisha hodi. Sasa wakaguzi waje wapande bomba lenyewe."

Bwana Ma alimgeukia Gyu-tae, tabasamu limekwisha. "Mwenyekiti, mkumbuke mwanao."

"Nipo hapa," ikajibu sauti kutoka nyuma. Hae-jun alikuwa amesimama. "Baba, ni kweli. Moshi hatuupitishi kwenye vichujio, ili kubana matumizi. Kuna njia ya pembeni. Vali, kile kizibo cha njia hiyo, naifungua mimi, kwa amri yao. Mama yangu anakohoa kazi ya mkono wangu."

Bibi Mal-sun akawa wa kwanza kupiga makofi.

Wakaguzi walikuja bila kutanguliza taarifa. Waliikuta ile njia ya pembeni kama Hae-jun alivyosema. Tanuru likafungwa, la pili likafia kwenye karatasi. Kiwanda kikaamriwa kuweka vichujio vipya na kuwatibu wote walioumia. Bwana Ma alirudi ukumbini, akainama mbele yetu hadi paji la uso likagusa sakafu. Kazi zilipofunguliwa upya, chini ya uongozi mwingine, Hae-jun alikabidhiwa ulinzi wa vichujio vyenyewe.

Mwaka uliofuata Hae-won alileta picha mpya. Mwezi kwa mwezi doa lilikuwa limesinyaa, hadi ghuba ikabaki na rangi ya maji. Siku hiyo ngoma zilipigwa, pombe ya mchele ikamiminwa, na wazee waliokuwa hawatoki nje wakacheza uwanjani.

Na Geum-ok? Juzi, baada ya matibabu ya mwaka mzima, alipanda kilima kuchuma mboga za porini, akafika kileleni kabla ya mumewe. Akageuka, mikono kiunoni.

"Baba Hae-won, mbona unahema? Kati yetu mgonjwa nani?"

FUNZO

Ndugu zangu, kabla hujamlaumu jirani kwa moshi, chungulia jiko lako kwanza. Zawadi inayokufunga mdomo itakufunga pumzi, wewe au umpendaye. Vyombo vya angani vinaweza kutuonyesha ukweli, lakini muhuri uko mikononi mwetu, na anayepaswa kusimama na kusema ni sisi.