Safari Yenye Pindo

Mtaa mzima ulimwita mwanamke huyu Fundi. Alishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukiwa wazi ili apate mwanga. Ukutani, juu ya cherehani, alikuwa amebandika boksi lililokunjuliwa, akaliandika kwa wino mwekundu: KITAMBAA KIKIKATWA, PESA HAIRUDI. Wateja walinung'unika mwanzoni, kisha wakazoea.

Kando ya cherehani aliketi mama yake. Huyo ndiye aliyemfundisha kazi, na watu walimwita Bibi Sindano. Siku hizi Bibi Sindano hakushona tena. Macho yake yalikuwa na ukungu. Kwanza alishindwa kutia uzi kwenye sindano. Baadaye akashindwa kusoma. Sasa aliwatambua watu kwa sauti zao. Lakini mikono yake ilikataa kustaafu. Kila nguo iliyokwisha kushonwa lazima ipite kwenye vidole vyake.

"Umeacha pindo?" aliuliza kila mara.

"Nimeacha, Mama."

"Pana?"

"Pana ya kutosha."

"Vizuri. Mtoto hurefuka. Mtu mzima hunenepa. Nguo ikibana na haina pindo, utaifanyia nini?"

Fundi alicheka tu. Maneno hayo aliyasikia tangu utotoni, na aliyajua kama jina lake. Shida ni kwamba aliyajua kwa nguo peke yake.

Daktari wa zahanati alikuwa ametazama macho ya Bibi Sindano na kusema ni mtoto wa jicho. "Upasuaji wake si mkubwa," alisema. "Akifanyiwa, tunatarajia ataona tena. Lakini ni lazima aende hospitali kubwa, ng'ambo ya ziwa. Madaktari wa macho huja pale kwa zamu." Akawapangia siku.

Jioni hiyo mume wa Fundi, ambaye alikuwa mpaka rangi, alirudi kutoka kazini na madoa meupe kwenye nywele. Hata viatu hakuvua. Alimwita mkewe akamwonyesha simu.

"Mama Watoto, njoo uone. Tiketi za boti zimeshuka bei, karibu nusu. Mwisho ni leo."

"Boti ya siku gani?"

"Siku ileile ya hospitali, asubuhi na mapema. Mnashuka bandarini, mnaingia kwa daktari. Hakuna kupoteza muda."

Chini ya bei kulikuwa na maandishi madogo sana. Mume aliyapitisha juu kwa kidole gumba. Fundi naye hakuuliza. Walilipa. Wakalipia pia chumba katika nyumba ya wageni, malipo yote, kwa sababu anayelipa mapema alipunguziwa. Usiku huo Fundi alilala akijiona mjanja.

Siku ya safari, upepo ulivuma tangu alfajiri. Bandarini watu walikuwa wamesongamana mbele ya lango. Mfanyakazi wa boti akasimama juu ya benchi.

"Boti haiendi leo. Mawimbi ni makubwa. Hatuwezi kuhatarisha maisha ya watu."

Bibi Sindano alikuwa ameshika begi lake kifuani kwa mikono miwili. "Amesemaje?" aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Tunarudi nyumbani, Mama."

Fundi alichanganyikiwa. Hakwenda dirishani kuuliza. Hakupiga simu hospitalini. Alizitupa tiketi ndani ya begi na kumshika mama yake mkono. Kesho yake ndipo alipopiga simu. Muuguzi alizungumza kwa upole, lakini habari ilikuwa mbaya.

"Tuliwangoja jana, dada. Hamkusema kitu, tukampa mgonjwa mwingine nafasi yenu. Mngepiga simu asubuhi ile, tungewasogeza mbele, maana madaktari walikuwa na siku nyingine moja. Siku hiyo ndiyo leo, imeshajaa, na jioni wanaondoka. Zamu ijayo ni baada ya miezi kadhaa."

Alipopiga simu nyumba ya wageni, jibu lilikuwa fupi. Pesa hairudi.

Bibi Sindano alisikiliza yote. "Basi, mwanangu," alisema. "Macho haya yameona mengi. Yaache yapumzike." Alisema kwa sauti ya utani, lakini aligeuza uso ukutani, na siku hiyo hakuomba kushika nguo yoyote. Hilo lilimuuma Fundi kuliko pesa.

Siku chache baadaye aliingia jirani yao kuchukua gauni. Mama huyu aliuza tiketi bandarini kwa miaka mingi mpaka alipostaafu. Kwa kuwa watu walizoea kumwona akiwa amekaa nyuma ya dirisha, walimwita Mama Dirisha, na jina likaganda. Fundi alimsimulia yaliyowapata.

"Hizo tiketi ziko wapi?" aliuliza Mama Dirisha.

"Kwenye begi. Si zimeshakufa?"

"Nani kaziua? Wewe hukuvunja safari. Boti ndiyo iliyovunja. Kila kampuni ina masharti yake, lakini ikivunja safari yenyewe, mara nyingi hurudisha pesa au hukupa siku nyingine. Nenda dirishani kesho. Uliza kwa adabu, ila usibanduke pale mpaka ujibiwe."

"Na nyumba ya wageni?"

"Hapo umekula hasara. Wao chumba kilikuwepo, kitanda kimetandikwa. Wewe ndiye hukufika." Kisha Mama Dirisha akainua macho ukutani, akasoma tangazo la wino mwekundu, akacheka mpaka akakaa chini. "Fundi, wewe mwenyewe umeandika haya. Kila mteja anayeingia hapa unamsomea. Ulipokwenda kununua, hukumuuliza muuzaji kama na yeye ana tangazo lake?"

Fundi aliona haya, kisha naye akacheka. Ilikuwa kweli. Yale maandishi madogo kwenye simu yalikuwa tangazo lake mwenyewe, limeandikwa na mtu mwingine.

"Basi nifundishe," alisema. "Mama yangu lazima apasuliwe. Nitampeleka kwa udi na uvumba."

"Udi na uvumba havitulizi mawimbi," alisema Mama Dirisha. "Tukae tupime. Safari hii, ni nini kinaweza kuiharibu?"

"Upepo."

"Mwingine?"

Fundi alifikiri. "Hospitali inaweza kubadilisha siku. Daktari akichelewa, kwa mfano."

"Au mama mwenyewe akapata homa. Sasa niambie, kati ya vyote ulivyolipia na kupangiwa, ni kipi hukuweza kukinunua tena kesho yake?"

Tiketi zinanunuliwa. Chumba kinanunuliwa. Fundi alimtazama mama yake aliyeketi kimya kwenye kona. "Nafasi ya daktari," alisema.

"Ndiyo hiyo. Wewe ulilinda bei ya tiketi, nafasi ya daktari ukaiacha barabarani. Boti moja tu, saa chache kabla ya daktari. Ikikwama, kila kitu kimekwama."

Kutoka kwenye kona ilisikika sauti ya Bibi Sindano. "Hakuacha pindo," alisema. "Binti yangu mimi, hakuacha pindo."

Wote wawili waligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Bibi Sindano kufungua kinywa siku hiyo.

"Mama, utakubali kwenda tena?" Fundi aliuliza.

Bibi Sindano aliinua kidole kimoja. "Mara moja. Nikirudishwa tena pale bandarini kama mzigo, usinitajie hospitali maisha yangu yote."

Kesho yake Fundi alikwenda bandarini na tiketi zake. Karani wa kwanza alimwambia aje siku nyingine. Fundi alisema asante, akabaki amesimama palepale. Karani wa pili aliangalia kwenye kompyuta, akakubali kuwa boti ilivunja safari, na pesa zikarudi. Fundi alitoka pale akitembea wima.

Miezi ilipita. Hospitali ikatoa siku mpya, na muuguzi akaonya kuwa siku hiyo inaweza kusogezwa. Wakati huohuo, simu ya mume ikaleta tena habari njema.

"Mama Watoto, bei imeshuka."

"Soma maandishi madogo."

Mume alikunja uso, akaisogeza simu karibu na pua. "Tiketi hii haibadilishwi. Abiria asiposafiri, pesa hairudi."

"Hiyo itakufaa wewe siku ya kwenda kumsalimia kaka yako. Usipokwenda, hakuna atakayeumia, na chakula atakula mwenyewe. Lakini tiketi hiyo haifai kwa safari ya Mama."

"Hii nyingine inabadilishwa, ila ni ghali."

"Kiasi kilichozidi ndicho pindo. Nitashona sare za shule zaidi, tutakifidia."

Mume alitaka kubisha, lakini alimtazama mkewe usoni, akaona amefunga kibwebwe. Alinunua tiketi zinazobadilishwa, za kwenda tu. Za kurudi wangenunua baada ya daktari kuwaruhusu. Waliamua waondoke siku mbili kabla ya siku ya daktari. Fundi alipiga simu nyumba nyingine ya wageni, akauliza kama anaweza kulipa akifika, na aseme kabla ya saa ngapi ikiwa hatafika. Namba ya muuguzi aliiweka kwenye simu. Tena alikwenda kituo cha mabasi kuuliza kuhusu basi linalozunguka ziwa. Ni safari ndefu ya kuchosha, aliambiwa, lakini basi huondoka kila siku mchana. Akatenga nauli yake kwenye bahasha.

"Unajiandaa kama mtu anayehama nchi," mume alimtania.

"Nitacheka nawe tukirudi," alijibu Fundi.

Asubuhi ya safari ilianza vizuri. Walipokaribia bandari, vumbi likaanza kuruka barabarani. Fundi aliona bendera kwenye paa la bandari imenyooka kwa upepo. Mfanyakazi yuleyule alipanda juu ya benchi lilelile.

"Boti haiendi leo."

Vidole vya Bibi Sindano vilimbana mkononi. "Si nilikwambia? Nirudishe nyumbani."

Fundi aliogopa. Angesema uongo kama angesema hakuogopa. Lakini safari hii alijua la kufanya, akapiga moyo konde.

"Mama, nguo imebana tu. Pindo tunalo."

Alikwenda moja kwa moja dirishani. Karani akawaandikia upya tiketi zile, wazitumie kurudi siku watakayotaka. Fundi akapiga simu nyumba ya wageni kusema watachelewa kwa siku moja. Mwenye nyumba akasema hakuna neno. Akampigia muuguzi.

"Boti imezuiliwa. Tunakuja kwa basi. Tutafika kesho, siku moja kabla ya zamu yetu."

"Umefanya vizuri kusema, dada. Nafasi yenu ipo, tunawangoja."

Kando yao mwanamume mmoja alikuwa akilalamika kwa sauti kwamba harusi anayokwenda itaanza jioni ileile. Bibi Sindano alimsikiliza, akatikisa kichwa. "Na yule naye," alimnong'oneza bintiye, "kashona bila pindo."

Basi lilichosha kweli. Miguu ya Bibi Sindano ilivimba, na mgongo wa Fundi ukauma. Hata hivyo walifika, wakalala kitandani, na asubuhi ya siku yao walikuwa wameketi mbele ya mlango wa daktari kabla mfagiaji hajamaliza korido.

Jicho la kwanza lilipofunguliwa bandeji, Bibi Sindano alilipepesa mara kadhaa. Alitazama dirisha. Alitazama shuka. Kisha akamtazama bintiye kwa muda mrefu, akampapasa shavu, kama anayehakikisha kuwa mkono na jicho vinaona mtu mmoja. Fundi alilia na hakujificha.

Jicho la pili lilifanyiwa zamu iliyofuata, na safari ile nayo waliipima vilevile. Siku hizi mtaani, mtu akitaka kusafiri kwa jambo lisilongoja, hupita kwanza pale kwenye cherehani. Fundi humuuliza maswali yaleyale aliyoulizwa yeye. Ni nini kinaweza kuharibu safari? Ikiharibika, nani atakula hasara? Kuna njia nyingine? Ni kipi ambacho hakinunuliki tena? Ukutani tangazo lipo bado, ila ameliongezea mstari, kwa herufi kubwa kuliko zile za kwanza: ULIZA KABLA SIJAKATA.

Bibi Sindano alipopona kabisa, aliomba aletewe nguo zote zilizokuwa zikingoja wenyewe. Alivaa miwani mpya ya kuonea karibu aliyopewa hospitali, akaanza kuzitazama moja moja kwenye mwanga wa mlango. Alifika kwenye gauni jipya la Mama Dirisha, akasimama.

"Hili kashona nani?"

"Mimi, Mama."

"Ukiwa macho, au umelala?"

"Kwani lina nini? Wewe mwenyewe ulilishika juzi ukasema zuri."

"Juzi nilishika. Leo naona." Aliligeuza gauni, akaonyesha kwa kidole mahali ambapo mshono ulikuwa umepinda kidogo, kidogo sana, karibu na bega. "Miaka yote hii ulikuwa unanidanganya, ukijua Mama haoni. Fumua."

Fundi alichukua wembe, akaketi chini karibu na miguu ya mama yake, akaanza kuukata mshono uzi kwa uzi. Alikuwa amefumua nguo nyingi maishani mwake, na kila mara kwa kisirani. Hii aliifumua akiimba.