Gari Lenye Viti Vyekundu

Jamaa zangu, kisa hiki ninawasimulia nyinyi, na atakayehisi nimemsema yeye, basi nimemsema. Kijiji chenyewe kiko huku Unguja, nyuma ya Kiwengwa. Jina lake ninalificha, lakini wenyewe wanajijua.

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, mwaka 1969, mvua ya masika ilikuwa imepumzika, na Mzee Machano alikuwa uwani kwake akifanya kazi aliyoipenda kuliko zote duniani. Alikuwa akipangusa gari. Lilikuwa motokaa ndogo ya rangi ya maziwa, yenye viti vyekundu vya ngozi, na viti hivyo alivipaka mafuta ya nazi kwa kitambaa laini mpaka ving'are. Bintiye Mize, mwenye mimba iliyotimia, alikaa barazani akisuka ukili wa mkeka. Huyu ndiye mtoto wake pekee, naye alimlea peke yake tangu mamake alipokufa.

"Baba, gari hii unaipenda kuliko mimi," Mize akamtania.

"Wewe unajiosha mwenyewe, mwanangu. Hii nani ataiosha?"

Wakacheka wote wawili. Laiti ningeweza kuishia hapa.

Gari hilo halikuwa la Machano. Masika ya mwaka uliopita, mwanamke mmoja wa hapo kijijini, Kazija, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Wanaume walimchukua juu ya kitanda, kwa miguu, kuelekea hospitali ya mjini, na kabla ya kufika nusu ya njia alikata roho. Kijiji kizima kikaapa kwamba hakitazika mwengine kwa namna ile. Watu wakauza mbata, nazi zao kavu, wanawake wakavua vikuku, ili linunuliwe gari la kuchukulia wagonjwa na la kuokolea watu maji yakijaa bondeni, kwenye njia ya mjini. Kazi ya kulichagua akapewa Machano, kwa sababu ujanani aliwahi kuwa dereva mjini.

Alikwenda kwa Yusufali, fundi mwenye gereji mjini, nyuma ya soko la Darajani. Yusufali akamwonesha Landrova kuukuu, turubali lake limechanika, ndani inanuka samaki.

"Chukua hii, Bwana Machano. Sura yake mbaya, lakini imesimama juu, na inavuta kwa magurudumu yote manne. Bonde lenu likijaa, itapita."

Machano akaziba pua. "Hii si gari, hili tenga la samaki! N'tapita nalo vipi mbele za watu?"

"Kwani wewe unataka ya kupita mbele za watu, au ya kupita kwenye maji?"

Wapi! Macho ya Machano yalishahamia pembeni, kwenye motokaa ya viti vyekundu. Harusi ya Mize ilikuwa mwezi uliofuata. Alimwona mwanawe ndani ya motokaa ile, amepambwa, na watu wa Upenja, kijiji jirani, wamejipanga njiani wanachungulia. Akaichukua hiyo hiyo. Landrova wakaja kuichukua watu wa Upenja, na Machano aliwacheka hadharani, msikitini na dukani, akiwaita wapanda tenga.

Nisimdhulumu. Harusi ya Mize na mumewe Simai ilipendeza sana. Baada yake ikaja harusi nyengine, na nyengine. Ili sanduku la bi harusi lipate nafasi kwenye buti, Machano alitoa tairi ya akiba, jeki, kamba na jembe, akavitupa jikoni. Akaweka sheria kwamba kila anayepanda avue viatu. Mvuvi mmoja aliyechomwa mguuni na mwiba wa samaki taa aliambiwa angojee gari la abiria la shamba, kwa sababu mguu ulikuwa unatoka damu. Na kijiji kilinyamaza kimya! Kila mwenye binti alikuwa akimtaka bintiye apande gari lile siku yake, basi nani angemkasirisha Machano?

Sasa turudi uwani. Mize aliangusha ukili wake, akashika kiuno. Mkunga, Bi Mwanapili, aliitwa mbio, akampapasa tumbo, uso wake ukabadilika.

"Mtoto kakaa vibaya. Huyu si wa mikono yangu, huyu wa hospitali. Upesi!"

Simai akambeba mkewe mpaka kwenye gari, Bi Mwanapili akiwafuata. Mvua ilikuwa imeanza tena, ya matone makubwa.

"Ngoja kwanza!" Machano akapiga kelele. Akakimbilia ndani, akarudi na kipande cha naylon, akaanza kukitandika juu ya kiti, akikinyoosha pembe moja baada ya nyengine.

"Baba, anaumia!"

"Damu ikiingia ngozi ya kiti haitoki, Simai. Subiri kidogo tu."

Mize alisubiri, amesimamishwa mvuani, amemuegemea mumewe. Naapa, nikifika hapa hasira hunipanda mpaka leo.

Kwenye njia panda waliikuta ile Landrova ya Upenja, ikiendeshwa na Borafya, nayo imechukua mgonjwa wa kifua. Borafya akatoa kichwa.

"Shikamoo, Mzee Machano! Bonde limejaa, gari yako haipiti. Mtieni mgonjwa huku, nafasi ipo."

Machano alitazama lile turubali lililochanika. Aliyakumbuka maneno yake ya dukani, na akauona mdomo wa kila mtu wa Upenja ukimcheka.

"Marahaba. Tangulia, Borafya. Binti yangu hapandi tenga la samaki."

"Baba," Mize akasema kwa sauti ndogo huko nyuma, "mimi napanda tu."

Alimsikia. Alimsikia vizuri kabisa, akakanyaga mafuta.

Landrova ilivuka bonde na kupotea mbele. Motokaa ya viti vyekundu ilifika katikati, maji yakaingia kwenye injini, ikakohoa mara mbili, ikazima, na gurudumu moja la nyuma likazama shimoni. Simai akarukia buti kutafuta jeki na kamba. Alichokuta ni kikuba cha maua kilichokauka na vipande vya udi vya harusi ya mwisho. Alisukuma mpaka akaanguka. Alitaka kumbeba mkewe, lakini maji yalikuwa magotini na yanakwenda kasi, Bi Mwanapili akamkataza. Machano alipiga honi mpaka betri ikafa. Mize aliita "Baba" mara nyingi, kisha mara chache, kisha hakuita tena.

Alasiri Borafya alirudi kutoka mjini, akawakuta pale pale. Aliteremka majini, akasaidia kumtoa Mize na mtoto wake asiyezaliwa, wakawalaza ndani ya Landrova, palipokuwa na nafasi ya mtu kunyooka. Kwa sababu mvua ilikuwa haijakatika na turubali lilivuja, wakamfunika kwa ile naylon.

Machano alibaki amesimama majini. Simai akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye mlango wa nyuma wa motokaa, akaufungua.

"Tazama, baba. Hakina hata doa."

Na kweli, kiti kilikuwa kinang'ara.

Funzo

Jamaa zangu, gari la dharura hununuliwa kwa ajili ya siku mbaya, si kwa siku ya ngoma. Linatakiwa lisimame juu, mgonjwa aweze kulala, na kamba na jeki visitoke ndani hata kwa saa moja. Wala msimlaumu Machano peke yake. Waliomwona akitoa jeki wakanyamaza kwa tamaa ya harusi zao, nao walimsukuma Mize majini. Basi kabla hujachagua, mlaze mwanao ndani ya gari hilo kwa mawazo, ana uchungu, anakuita, na maji yanapanda. Ukishamwona hapo, ndipo utazame rangi ya viti.