Askari Hapewi Mate

Jumamosi hiyo, baada ya chakula cha mchana, mchora mabango alikwenda kwa dada yake kumsaidia kuhamisha kabati la marehemu shemeji yake. Kabati lenyewe lilimtia kichefuchefu. Ndani yake kulikuwa na askari wa kale wa plastiki zaidi ya mia, wa urefu wa kidole, waliovaa deraya, yaani mavazi ya chuma ya vita, mwili mzima. Shemeji, tarishi mstaafu, aliwapaka rangi mmoja mmoja kwa miaka kumi na tisa.

"Mtu mzima na ndevu zake," alisema mchora mabango, akabetua mdomo upande wa kushoto.

Mdomo huo mtaa mzima uliujua. Aliwabetulia wachora mabango wenzake, majirani, hata jeneza la shemeji siku ya mazishi. Yeye alichora herufi ndefu kuliko milango. Nani angempa somo la kushika brashi?

Dada yake alionyesha askari mmoja aliyesimama mezani peke yake. Alikuwa wa kijivu, hajaguswa na rangi, kofia ya chuma wazi usoni.

"Huyo muache, mdogo wangu. Marehemu alikaa naye miezi minane, akaogopa kumpaka. Na mkono ukikuwasha, usilambe brashi. Alikuwa akisema askari hapewi mate."

"Kwani atapata mafua?"

Dada akachukua pochi. Akatoka kwenda dukani kununua kamba.

Mlango haujatulia, jamaa ameshakaa mezani mbele ya yule askari wa kijivu. Upuuzi wa miaka kumi na tisa yeye angeumaliza kwa nusu saa. Akafungua rangi ya fedha, akachovya brashi, na kabla ya kugusa plastiki akailamba ncha ichongoke, kama alivyozoea tangu akijifunza kazi. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini huyu methali nazo alizibetulia mdomo.

Alianza na mguu wa kushoto. Ulimi ukapata ladha ya msumari. Mguu wake mwenyewe ukafa ganzi, akasema amekaa vibaya. Akalamba, akapaka wa kulia. Ganzi. Akapaka kifua, na pumzi ikambana kana kwamba mtu amemkaza mkanda.

Hapo alielewa. Mwenye akili angetupa brashi na kupiga kelele. Lakini kupiga kelele ni kukiri kwamba tarishi alikuwa anajua kitu, na hilo lilimuuma kuliko kifua. Akachovya tena.

Alipomaliza mkono wa kushoto wa askari, wake ulianguka mezani. Ulitoa mlio mkavu.

Sasa alitaka kuacha. Kweli alitaka. Mkono wa kulia ukakataa. Ukachovya. Ukapanda mdomoni. Akaubana mdomo. Brashi ikapita.

Dada alirudi, akasimama mlangoni na kamba zake.

"Umempa mate?" alinong'ona.

"Nishike mkono, dada."

Aliushika kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa wa baridi. Mgumu. Mwepesi kupita kiasi. Ukamburuta naye hadi mezani.

"Usimpake uso, mdogo wangu. Nakuomba."

"Siyo mimi," alisema. Hakusema kitu kingine tena.

Madaktari walimpima, hawakuona ugonjwa. Leo anakaa dirishani, analishwa kwa kijiko. Macho yanatembea, basi. Uso umekuwa laini, hauna hata kunyanzi moja, na mdomo umenyooka. Wale aliowadharau huja kumjulia hali, wakampa pole huku wamefurahi, na hana cha kuwabetulia.

Kabatini, mstari wa mbele, amesimama askari mwenye deraya ya fedha. Mdomo wake umebetuka upande wa kushoto. Dada aliuona, akalia, akageuza uso wa askari ukutani. Kesho yake alimkuta ameangalia mbele.

Brashi aliifungia humo humo kwa kufuli, na ufunguo anauvaa shingoni. Imepita miezi mitatu bila mtu kuigusa, na rangi yote alishaitupa. Lakini kila asubuhi akichungulia kwenye kioo cha kabati hukuta ncha ya brashi imechongoka vizuri, na imeloa.