Mchumba wa Ubalozini

"Usicheke, dada."

"Sijacheka."

"Mdomo haujacheka. Macho ndiyo yanayocheka."

"Macho yangu? Hayo yaliacha kazi zamani, kaka. Piga picha, watu wanasubiri."

Na kweli watu walikuwa wanasubiri. Ilikuwa wiki ya kufungua shule, na ile studio ndogo iliyobanwa kati ya duka la simu na saluni ilifurika wazazi waliokuwa wakiwafuta watoto kamasi, na vijana waliogombania kioo kimoja kuchana nywele. Yule dada, mwalimu, alikaa kwenye stuli mbele ya kitambaa cheupe. Alikuwa amekuja na blauzi nyeupe ya kola ya duara, ameipiga pasi asubuhi kwa mapenzi yote, lakini mpiga picha akamwambia nyeupe juu ya nyeupe ubalozini hawaitaki, watadhani wametumiwa kichwa kinachoelea. Basi akavalishwa koti jeusi la wateja, koti la mwanamume, mabega yakamshuka hadi karibu na viwiko.

Mpiga picha alikuwa kijana mrefu, shati la mistari lililopauka kolani, kalamu sikioni. Alishusha kamera akamtazama kwa macho matupu.

"Za viza?"

"Za viza. Zile za kwanza wamezikataa, eti zimezeeka."

"Picha, au wewe?"

"Sote pamoja."

Mwalimu alijua swali linalofuata: unaondoka lini? Kila mtu alikuwa nalo. Akajiandaa kudanganya.

"Umekunywa chai?" akauliza mpiga picha.

"Nini?"

"Chai. Midomo imekukauka. Siwezi kumpeleka mtu ubalozini na kiu, wataniona mimi ndiye mbaya."

Hapo ndipo alipocheka, meno yote nje, na yule bwana akabonyeza. Picha hiyo haikufaa kwa kazi yoyote ya serikali. Alimpiga nyingine, na hiyo ya kwanza akakataa kuifuta.

Jamani, kuna upweke wa mtu aliyeachwa, na kuna upweke wa mtu aliyekwisha kuagwa halafu hajaondoka. Huu wa pili hauna hata jina. Mwalimu alikuwa amepata kazi ya kufundisha hesabu ng'ambo, shule nzuri, mkataba umeshatiwa saini. Akaacha kazi yake ya zamani. Akarudisha funguo za nyumba, kitanda akampa mdogo wake, jiko akampa jirani. Walimu wenzake wakamfanyia sherehe, wakakata keki, wakalia, wakamnunulia sanduku kubwa la magurudumu. Kesho yake darasa lake likapewa mtu mwingine, na wiki iliyofuata akatolewa hata kwenye kundi la walimu la simu. Halafu viza ikanyamaza. Mara karatasi ya polisi ina kasoro, mara muhuri haukolei, mara picha zimezeeka.

Na yeye yupo! Akikutana na mtu barabarani, anasikia, "Hee! Kumbe hujaenda?" Kama vile amekula keki ya watu bure. Akaanza kupita vichochoro vya nyuma. Alihamia kwa shangazi yake, akalala sebuleni, lile sanduku limesimama nyuma ya mlango limefungwa. Aliacha nje magauni mawili tu, akawa anafua hili, anavaa lile. Shangazi hakuwa mtu mbaya, lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mwalimu lilikuwa kuwafundisha hesabu binamu zake ambao hawakutaka kujua hata saa ni ngapi.

"Subira yavuta heri, mwanangu," shangazi alimwambia kila akiweka sufuria jikoni.

"Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, shangazi."

"Shika ulimi. Na usilitaje hilo jambo ovyo. Kitu hakijaingia mkononi unakitangaza, watu wana macho!"

Kwa ajili ya kumtii shangazi, mwalimu na shoga yake mmoja, aliyekuwa akisubiri safari ileile na ambaye walikuwa wanaitana Pacha, wakaipa viza jina la siri. Wakaiita mchumba. "Mchumba wako kajibu?" "Hata! Anaringa huyo, nimempelekea picha mpya." "Wangu anataka barua ya benki." Wakacheka hivyo kwenye simu, mtu mmoja huku, mwingine mji mwingine, na wakikata simu kila mmoja anarudi kwenye ukimya wake.

Mpiga picha hakujua lugha hiyo. Yeye alijua kupiga simu saa za mchana, studio ikiwa imepoa.

"Mwalimu, saba mara nane?"

"Hamsini na sita. Wewe huna wateja leo?"

"Ninaye mmoja. Nimemwambia asubiri, nazungumza na ofisi kuu."

"Muongo mkubwa we!"

"Umekula?"

"Nimekula."

"Sasa nani muongo?"

Wakawa wanakutana jioni, wanakaa kwenye ngazi za studio baada ya kufunga, gauni lake la buluu leo, la kijani kesho, kisha la buluu tena. Mpiga picha aliyaona, hakusema. Hakuwahi kumuuliza "lini". Mwalimu alimpenda kwanza kwa hilo tu. Mengine, vile vidole virefu, vile visa vya maharusi waliogombana mbele ya kamera, yalifuata. Lakini usiku kucha aliwaza neno moja. Watu wote waliompenda walikuwa wamemwambia "nenda". Wakubwa, wadogo, kwa furaha, kwa nyimbo. Hakuna hata mmoja aliyemwambia abaki. Naye alitaka kwenda, tusidanganyane. Ila mtu kuondoka mahali bila kushikwa hata ncha ya nguo, inauma.

Jumapili moja mpiga picha akaja kumchukua kwa shangazi. Amenyoa, amenukia, viatu vinang'aa. Alipofika chini ya dirisha akasikia sauti ya mwalimu ndani, ya furaha ambayo hajawahi kuisikia.

"Mchumba kakubali, Pacha! Nakuapia! Wamenipigia, nikamchukue Alhamisi... Nilie nini? Nimemsubiri mpaka nimekonda!... Nani, huyu wa picha?" Sauti ikashuka. "Hajui. Nitamwambiaje? Nitaanzia wapi mimi?"

Kiswahili chetu hiki, ukisema "nimemsubiri", utamjuaje anayesubiriwa? Mpiga picha hakugonga mlango. Alirudi na viatu vyake vinavyong'aa, akafungua studio Jumapili ile, akakaa humo gizani.

Mwalimu alipiga simu. Haikupokelewa. Alipiga tena.

"Niko kazini."

"Jumapili?"

"Wateja wengi."

"Nina jambo la kukuambia."

"Halina haraka, mwalimu. Nakutakia kila la heri."

Kila la heri! Mwalimu alibaki ameshika simu. Basi hata huyu, akawaza. Hata huyu ameniaga.

Alilia siku nzima, uso chini ya mto, binamu zake wakipita kwa kunyata. Alhamisi akaenda ubalozini peke yake, akapewa pasipoti yake ndani yake mna karatasi ya rangi, akatoka akasimama kando ya barabara na hakuona wa kumwonyesha. Miguu ikampeleka studio.

Akapanga foleni kama watu wengine. Zamu yake ilipofika akakaa kwenye stuli.

"Picha ya nini?" aliuliza mpiga picha, kamera usoni ili asionekane.

"Ya wewe kunitazama."

"Mwalimu, kuna watu."

"Wacha wawepo. Nimekukosea nini?"

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaacha kubembeleza. Foleni nzima ikatega sikio.

"Hongera kwa mchumba," alisema mpiga picha taratibu. "Nilikuwa dirishani. Ungeniambia tu una mtu, mimi si mtoto."

Mwalimu alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka stuli ikayumba, akachomoa pasipoti mkobani, akaifungua mbele ya lenzi.

"Mchumba wangu huyu hapa! Viza! Tunaiita mchumba, mimi na Pacha. Shangazi ndiye hataki itajwe. Ee Mungu wangu, we mwanamume!"

Foleni ikaangua kicheko. Mpiga picha naye akacheka, akajipiga paji la uso, akacheka tena. Halafu kicheko chake kikakatika.

"Kwa hiyo kakubali."

"Kakubali."

"Kwa hiyo unaondoka."

"Jumamosi ya wiki ijayo."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Afadhali angekuwa mwanamume," alisema. "Mwanamume ningepigana naye."

Walifunga studio mapema, mama wa mtoto akiwaombea heri mpaka mlangoni. Wakakaa ngazini.

"Hongera," alisema mpiga picha.

"Usinipe hongera, tafadhali. Nimepewa hadi zimenitoka puani. Mbona hata wewe huniambii nibaki?"

"Nikikuambia, utabaki?"

"Siwezi. Nimeitafuta kazi hii tangu nilipotoka chuoni. Nitakwenda."

"Sasa niseme ili iweje? Nikutie uzito njiani? Nitakuwa mbinafsi."

"Kuwa mbinafsi. Mara moja tu."

Mpiga picha alitaka. Hakuweza. Alimshika mkono badala yake, wakakaa hivyo mpaka saluni nayo ikashusha mlango.

Asubuhi ya safari, uwanja wa ndege, pale wasiosafiri wanapokomea. Mwalimu kavaa suruali nyeusi na sweta zito jipya, jasho linamtoka. Shangazi alikuwa ameshaomba dua, ameshalia kidogo na kumrekebisha kola. Mpiga picha alisimama pembeni, shati jipya lina mikunjo ya dukani bado, akisema maneno ya busara. Ufike salama. Ujifunike. Ukifika piga simu. Mwalimu akaitikia "sawa", "sawa", akashika mpini wa sanduku.

"Usiende," alisema mpiga picha.

Shangazi akageuka. "Wewe! Mtu keshafunga mizigo, unamzuia?"

"Usiende, mwalimu. Sina cha kukupa kinachoshinda cha huko, najua. Wala sina haki hata ya kusema. Lakini usiende. Baki na mimi."

"Una wazimu, kijana? Watu wanatutazama!"

"Mwache, shangazi," alisema mwalimu, machozi yanamshuka hadi kwenye lile sweta. "Mwache aseme."

"Usiende," akarudia, na sasa sauti ilikuwa imevunjika kabisa.

Mwalimu aliachia sanduku, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamtazama muda mrefu.

"Asante," alimwambia.

Kisha akashika tena mpini wa sanduku lake, akaingia ndani.