Begi la Kilo Tatu

Mama alikuwa anakamua sare za shule, mapovu yamemfika viwikoni, binti yake mkubwa alipotoka ndani mbio na simu mkononi.

"Mama, wamebadilisha ndege! Ni kesho alfajiri. Na tiketi mpya hairuhusu sanduku kubwa. Begi la mkononi tu, kilo saba."

Mama aliitazama sare, kisha akamtazama binti. Sanduku kubwa lilikuwa limeshapangwa na kufungwa kamba. Kazi ile ya uuguzi ng'ambo ilikuwa imetafutwa miaka miwili. Ndege ikimwacha, nafasi anapewa mwingine.

"Anika hizi," alisema. "Nawahi kwa fundi mabegi kabla hajafunga."

Fundi mabegi alikuwa mzee wa maneno machache, mwenye banda la mabati mwisho wa barabara. Alikuwa na kisanduku cha mbao kisicho na mfuniko, kilichochongwa kwa vipimo vya ndege. Begi likiingia humo, litapita. Mama alijaribu matano. Moja lilikwama magurudumu, jingine mpini, mengine yalikuwa manene tu. La sita, jeusi, lilikuwa nyuma ya mlango. Liliteleza ndani bila kugusa mbao.

Fundi alilitundika kwenye mizani. "Kilo tatu. Hilo lilirudishwa."

"Lina kasoro gani?"

"Zipu nzima. Magurudumu mazima." Alilishusha kwenye mizani. "Ndani nimejaza karatasi. Usizitoe mpaka uwe na nguo za kuweka. Lisikae tupu, mama. Hata kidogo."

"Likikaa tupu litapinda?"

Fundi alikuwa ameshaanza kufunga banda.

"Halipindi," alisema.

Giza lilikuwa linaingia alipofika nyumbani. Alilifungua begi chumbani, akazitoa zile karatasi. Zilikuwa nyingi, kavu kabisa. Nani atupe karatasi kama hizo na mkaa haujawaka? Alizipeleka jikoni, akawashia jiko, akainjika sufuria.

"Kifungo yuko wapi?" aliuliza.

"Kajificha, anataka tumtafute," alijibu Profesa, binti wa kati, aliyeitwa hivyo kwa ubishi wake. "Mimi simtafuti. Akiwa na njaa atatoka."

Kifungo alikuwa kitinda mimba, miaka mitano. Hakuna kabati wala pipa ambalo hajaingia.

Mama alirudi chumbani kupanga nguo. Begi lilikuwa limefungwa.

Hakukumbuka kulifunga.

Alivuta zipu hadi nusu, akaingiza mkono kupapasa kama kuna karatasi iliyosalia. Harufu ilimpanda puani... harufu ya nguo zilizokunjwa kabla ya kukauka.

Kiganja kidogo kikamshika mkono.

"Kifungo?"

"Mama... nitoe."

Mkono wake ulizama mpaka begani. Begi lenyewe halikufika hata kina cha kiwiko. Kisha zipu ikaanza kutembea yenyewe, meno yake yakimkwaruza ngozi.

Tk. Tk. Tk.

Alijaribu kuizuia zipu kwa mkono wa pili, ikampita. Mlango ulikuwa hatua tatu tu. Jikoni aliwasikia binti zake wakibishana kuhusu chumvi.

Kiganja cha pili kikamgusa.

Hiki kilikuwa cha moto, kimelowa jasho, kinateleza. Kile cha kwanza kilikuwa baridi, na kimeshika barabara. Viwili hivyo havikuwa vya mtu mmoja. Zipu ilikuwa imefika kwapani. Hakupata nafasi ya kufikiri. Alivuta kile kilichomshika barabara.

Kifungo alitoka, gauni limejikunja kama karatasi. Hakulia. Nyuma yake zipu ilijifunga mpaka mwisho.

"Ukiingia tena humo nitakuchapa," Mama alinong'ona. Alimnyanyua kwa mkono mmoja, akambeba mpaka mezani, akapakua chakula. Sahani nne. Profesa aliketi. Binti mkubwa alikuja wa mwisho, anahema.

"Mama, umeweka nini kwenye begi? Nimelipima kwa mizani ya mkono, karibu linivunje mgongo!"

"Sijaweka kitu."

"Aa, Mama! Kilo kumi na sita zote hizo?"

Kijiko cha Mama kilisimama hewani.

Kumi na sita. Aliijua namba hiyo. Wiki iliyopita mhudumu wa kliniki alikuwa ameiandika kwenye kadi ya Kifungo, mahali pa uzito. Na yeye Mama sasa hivi alikuwa amembeba Kifungo kwa mkono mmoja, bila hata kuhema.

Alikuwa mwepesi. Kilo tatu tu, kama lile begi lilipokuwa tupu.

Chumbani zipu ililia. Tk... Kidogo sana, kama mtu anayeisukuma kwa ncha ya kidole, kutoka ndani.

Mama alisukuma kiti ainuke. Kiganja baridi kikamshika kifundo cha mkono. Ulikuwa mshiko uleule.

"Kaa, Mama," alisema Kifungo. "Tuhesabu kwanza." Alinyoosha kijiko, akikizungusha meza nzima. "Dada. Profesa. Mama. Mimi. Tumetimia."

"Leo kajua kuhesabu!" Profesa alicheka. "Haya jamani, tumetimia. Tuleni, kinapoa."

Mama aliuvuta mkono wake.

Haukuachiwa.