Bwana Tambarare

Jumapili ile kaunta ya uwanja wa gofu wa umma ilijaa watu kama bomba la mtaani asubuhi. Pale hakuna habari za uanachama. Unalipa, unaingia, na ukija peke yako unaunganishwa na mwingine aliyekuja peke yake. Ndivyo msusi mmoja, sketi ya manjano na kofia ya ukili, alivyojikuta ameunganishwa na fundi saa mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka mstari unakata.

"Dada, ukinishinda usimwambie mtu," akasema fundi saa.

"Na ukinishinda wewe?"

"Hapo nitautangazia mji mzima. Kitendawili."

"Tega."

"Nampiga bila kosa, namfuata kwa adabu, nikimpata nampiga tena."

"Mpira wa gofu," msusi akajibu, akaupiga wake ukapotelea kichakani. Walicheka mpaka waliokuwa nyuma yao wakaanza kukohoa.

Tangu hapo Jumapili zikawa zao. Mji ule mkubwa umezungukwa na viwanja, na mwenye kuchagua alikuwa fundi saa. Walicheza karibu na uwanja wa ndege, wakiinama kila ndege ilipopita. Walicheza nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako hata jasho linanukia. Walicheza kando ya mto, na huko msusi akapoteza mipira yote na moyo juu yake. Ila kila kiwanja kilikuwa bapa kama meza, akambandika fundi jina la Bwana Tambarare.

"Laazizi, lini utanipeleka kule kilimani? Wanasema ukifika juu unauona mji wote."

"Kule nyasi zimekauka, roho yangu."

Jumapili nyingine: "Kule kuna foleni." Nyingine tena: "Upepo wa kule utaibeba kofia yako."

Msusi alikuwa akicheka tu, mpaka siku mteja wake, kichwa nusu kimesukwa, alipoiona picha ya fundi saa kwenye simu.

"Huyu si mtu wa kilimani? Rafiki zake wote wanacheza kule."

Chanuo likamponyoka. Kumbe viwanja vya pembeni ni vya kumfichia yeye, msusi wa kibanda kimoja, wenye vyao wasimwone.

Jioni simu ikaita.

"Roho yangu, kesho nimepata kiwanja kizuri, hakina hata kichuguu."

"Nenda na hao unaowaonea fahari. Mimi kesho nakwenda kilimani. Na usinipigie tena."

Kesho yake akavaa blauzi ya bluu iliyomkaa barabara, akapanda kilimani kwa hasira. Kaunta wakamwambia asubiri atafutiwe mwenzake. Mara sauti ikasema nyuma yake, "Niunganisheni na huyo."

Msusi akachukua fimbo zake akatangulia, mwendo wa mtu anayekimbia mvua. Alipofika palipo mwinuko mkali akaona nyuma kimya. Akageuka. Fundi saa ameegemea fimbo, mguu mmoja juu, uso umelowa jasho.

Akashuka mbio. "Una nini?"

"Goti. Niliteguka hapa hapa mwaka juzi, halijapona sawasawa. Bapa naliweza. Mlima ndio unaniumbua."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe unatembea kama swala. Nikaona ukijua, utatafuta mwenye magoti mawili mazima."

"Na mimi nilidhani unanionea haya mbele ya rafiki zako."

Fundi saa akamkodolea macho. "Mimi? Rafiki zangu nimewachosha kwa habari zako. Wanasema wewe nimekutunga."

Msusi akashusha pumzi ndefu, kifua kikawa chepesi kama aliyetua ndoo kichwani. Akacheka, machozi yakimtoka.

"Basi nisikilize," fundi akasema. "Kwenye sinema mwanaume hupiga goti. Mimi nikilipiga hili, wataitwa watu wa kuninyanyua. Utakubali nikuoe nikiwa nimesimama?"

"Nani kakwambia usimame? Kaa hapa."

Wakakaa kwenye nyasi. Msusi akauweka ule mguu mapajani, akaanza kulikanda goti kwa vidole vilivyozoea nywele ngumu.

"Nitaolewa," akasema. "Lakini nyumba iwe ya chini. Ngazi sizitaki."

Huko chini waliokuwa wakisubiri zamu wakapaza sauti. "Jamani, mbona hamwendelei?"

"Piteni tu," msusi akawajibu. "Sisi tumeshafika."